"Mbona Tovuti Yetu Yacheza Kamari?"

Simu iliingia Ijumaa moja ya mwaka 2018, ndio kwanza natoka msikitini, hata viatu sijavaa sawasawa. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi kimoja cha kina mama wa Kisauni, hapa Mombasa, aliyesoma chuo kimoja na mama yangu, na mimi namwita Mama tangu nipate akili. Siku hiyo hakuniuliza hali ya nyumbani wala ya watoto.

"Mwanangu, mbona tovuti yetu yacheza kamari?"

Nikacheka. Nilidhani amebonyeza tangazo. Nikaifungua kwenye simu yangu pale pale barazani, na kicheko kikanikauka. Anwani ni ile ile, jina la kikundi herufi kwa herufi, lakini ndani mna karata, gurudumu linalozunguka na maneno ya kumkaribisha mgeni kwa bonasi. Na kikundi chenyewe ni cha wazazi ambao vijana wao walitumbukia kwenye unga, yaani heroini. Miaka yote wamekuwa wakihangaika kuwatoa watoto kwenye uraibu, na sasa mama anayewatafuta saa nane za usiku anapokewa mlangoni na uraibu mwingine.

Mchana mimi ni mtu wa kompyuta katika ofisi ya wakala wa kupitisha mizigo bandarini. Mpaka siku ile nilikuwa nikisaidia miradi ya kijamii kama tunavyosaidia wengi wetu: mtu anakuomba, unakaa naye wikendi mbili, unamjengea kitu, mnapiga picha, mnakula viazi karai, kwaheri. Hii ya Kisauni hata sikuijenga mimi. Nilichofanya ni kuisifu siku ilipozinduliwa.

Ilivyotokea ni hivi. Mfadhili alitoa pesa za miaka miwili. Fundi aliyepewa kazi akasajili domeni, yaani ile anwani, kwa baruapepe yake mwenyewe. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ilikuwa rahisi tu kufanya hivyo. Watu wengi hawajui kwamba domeni hainunuliwi, hukodishwa, na kodi hulipwa kila mwaka au kila miaka michache. Mradi ulipokwisha, fundi akahamia shughuli nyingine, na notisi za kuisha muda zikawa zinaingia kwenye sanduku la barua lisilofunguliwa na mtu. Anwani zinazoishia na .org, baada ya kufutwa na msajili, huwa na siku 30 ambazo mwenyewe anaweza bado kuikomboa kwa ada kubwa zaidi. Baada ya hapo kuna siku 5, kisha inaachiwa, na yeyote aweza kuichukua. Kuna watu wana programu zinazovizia saa hiyo. Kikundi hawakijui wala hawakitaki. Wanachotaka ni heshima yake: magazeti yalikuwa yameiwekea kiungo, vyuo vilikuwa vimeitaja, na kwa mitambo ya kutafuta hiyo ni dalili kwamba anwani inaaminika. Kamari ikavaa kanzu ya kina mama.

Tuliwaandikia walioinyakua. Wakataja bei kwa dola. Katibu akaigeuza kuwa shilingi, akavua miwani, akasema, "Hii ni karo ya mtoto mwaka mzima," na kikao kikahamia ajenda ya pili, ambayo ilikuwa sufuria. (Kikundi hukodisha sufuria na viti vya harusi. Sufuria zimefanya zaidi kwa vijana wale kuliko tovuti, na hilo nalisema bila aibu.)

Kazi yangu ya kwanza ya kweli kwenye mradi huu ikawa kuandika barua. Kila mahali palipokuwa na kiungo cha anwani ya zamani, tuliomba kiondolewe. Wengine walijibu kesho yake, wengine hawajajibu hadi leo. Tukachukua anwani mpya ya .or.ke, na safari hii iliandikwa kwa baruapepe ya kikundi. Funguo zake zimo kwenye daftari la kamati, na daftari hukaa kabatini kwa mweka hazina. Najua wataalamu wa usalama watanirukia: nenosiri kwenye karatasi? Naam. Hatari iliyokwisha kuwaumiza haikuwa mwizi wa kuvunja kabati la mama mmoja Kisauni. Ilikuwa mtu mmoja kuondoka na ufunguo mfukoni.

Maandishi ya zamani tuliyapata kwa Internet Archive, ile maktaba ya San Francisco iliyoanzishwa mwaka 1996 na Brewster Kahle, ambayo hupita mtandaoni ikinakili kurasa na kuziweka kwa tarehe. Kurasa za kikundi zilikuwemo. Katibu alipoona picha ya uzinduzi imerudi alipiga kigelegele ofisini kwetu hadi bosi akachungulia. Lakini tulipozidi kufungua, tukakutana na jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilikumbuka: ukurasa mzima wa sura za vijana, kila mmoja na jina lake, umri, mtaa, na miaka aliyotumia unga. Ripoti ya mfadhili ilihitaji "hadithi za mafanikio", na hizo ndizo hadithi.

Mmoja wao sasa anaendesha tuktuk na ameoa. Alikuja kuniona jioni, akasimama nje ya lango, akakataa kuingia. "Ami, ile picha," akasema. Babake mkwe alikuwa ameiona kabla ya posa, na posa ilichelewa miezi. Aliwahi kutia sahihi ya ridhaa, nilikuja kuiona, lakini alitia wiki ya tatu baada ya kuacha dawa, wakati ambapo angetia sahihi karatasi yoyote aliyowekewa na watu waliomsaidia. Tuliwaandikia wenye maktaba kuomba ukurasa ule ufichwe, na baada ya barua za kwenda na kurudi ukafichwa. Mwaka uliofuata, Novemba 2019, Kenya ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data, na humo habari za afya ya mtu zimewekwa katika fungu la data nyeti. Sikuhitaji sheria kunifundisha, kijana wa tuktuk alikuwa ameshanifundisha. Siku hizi tovuti ya kikundi haina sura ya mtu aliye kwenye matibabu. Ina picha za mikono, za ufuo, za sinia la mahamri. Wafadhili hulalamika kwamba haigusi moyo.

Sasa kosa langu mimi. Nilipoanza kuijenga upya nilikuwa na hasira, na hasira ya fundi huwa na majivuno ndani yake. Nilitaka kitu ambacho hakingeguswa na mtu. Nikaandika mfumo wangu mwenyewe kwa zana mpya kabisa za wakati ule, wenye sehemu ya wanachama, ratiba na jumbe za kujituma zenyewe. Ulikuwa mzuri. Mwezi wa tano tangu uanze nilikwenda Lamu kwenye msiba, nikakaa wiki mbili, na siku ya tatu mfumo ukalala. Kina mama wakatafuta fundi mjini. Alikuja, akautazama, akawaambia kwa adabu, "Huu, mpaka mwenyewe arudi." Nilipoyasikia maneno hayo nilijua nimekuwa fundi yule yule niliyekuwa nikimlaumu, tofauti ni kwamba mimi simu napokea.

Tukaubomoa, tukaweka WordPress, programu ya kujengea tovuti inayotumiwa na wengi. Wenzangu wa kazi walinicheka. Kwao ni kitu cha wanaoanza. Lakini tazama barabara ya Kongowea asubuhi uone magari ya watu wanaotafuta riziki: Probox. Si kwamba hawajui magari mazuri. Probox ikikwama Bamburi au Changamwe, fundi yupo na spea zipo. WordPress ipo tangu mwaka 2003, ni programu huria, na Mombasa hii hukosi kijana anayeifahamu. Ina adha yake: usipoitia viraka, yaani masahihisho ya programu, wanaingia wezi, na kila nyongeza unayoipachika ni dirisha lingine la kukumbuka kulifunga. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nakaa saa moja na katibu, tunatia viraka, tunachukua nakala ya akiba, tunaijaribu kama inafunguka. Kazi hii haina picha ya kuonyesha mtu. Ukiniuliza msaada wangu kwa kikundi hiki ni nini, ni hiyo saa moja.

Babu yangu alikuwa fundi wa kutia kalafati Bandari ya Kale. Jahazi lilipwelezwa maji yakitoka, pamba yenye mafuta ikashindiliwa kwenye nyufa za mbao, na chini likapakwa deheni ya chokaa na shahamu, halafu msimu mwingine kazi hiyo hiyo tena. Hakuna mwenye chombo aliyemlipa muundaji akasahau fundi wa kalafati, maji yangemkumbusha. Kwenye miradi hii ya wavuti fomu za ruzuku nilizowahi kujaza karibu zote zina fungu la kujenga, la kuzindua, hata la fulana. Fungu la mwaka wa tatu sijaliona. Nilipomuuliza afisa mmoja kwa nini, alijibu kwamba bodi hupenda kufadhili kitu kipya. Nikamwambia basi tutabadilisha jina la tovuti kila mwaka. Hakucheka.

Na vijana wetu wa teknolojia nao nawalaumu kidogo, nikiwa mmojawao. Tunapenda yale mashindano ya kukesha tukiandika programu ya kuokoa jamii, Ijumaa hadi Jumapili. Nimeona ramani ya wauza maji ya Likoni iliyoshinda zawadi na ikafa kabla zawadi haijaliwa. Hutajwa sana Ushahidi, programu ya kukusanya habari za watu kwenye ramani, kama mfano: Januari 2008, katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi, Wakenya na wenzao waliijenga kwa siku chache, watu wakatuma habari kwa ujumbe mfupi na zikaonekana kwenye ramani, miaka miwili baadaye ilitumika kwenye tetemeko la Haiti. Kila mtu huikumbuka ile sehemu ya siku chache. Ni wachache wanaotaja kwamba wenyewe hawakwenda nyumbani: walifungua shirika, wakaajiri watu, wakaendelea kuitia viraka.

Nirudi Kisauni. Tulipomaliza kujenga, tukaita mkutano wa kuijaribu, kina mama kumi na wawili, kila mtu na simu yake. Dakika ya kwanza mmoja akasema, "Imenilia bando yote, na bado yazunguka." Niliona aibu ya kweli. Ukurasa wa mbele ulikuwa na megabaiti 11, kwa sababu nilipakia picha kama zilivyotoka kwenye kamera na video ya kujifungulia yenyewe. Ofisini kwangu hainisumbui, nina waya. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa hii hii, Afrika Mashariki nzima ikasherehekea, na karibu muongo mmoja baadaye mama wa Kisauni bado anahesabu megabaiti kama anayehesabu vijiti vya kiberiti. Niliketi usiku ule nikipunguza picha moja moja, nikaitoa video, nikafika kilobaiti 280. Hakuna aliyeiulizia video.

Maneno yalitutaabisha kuliko mitambo. Tovuti ya zamani ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mwisho. Mwenyekiti alikuwa hajawahi kuisoma tovuti ya kikundi chake. Nikatafsiri kwa Kiswahili cha vitabu: "urekebishaji wa waraibu wa dawa za kulevya". Wakaangaliana. Mmoja akauliza, "Hao ni kina nani?" Mitaani watu husema mateja, lakini hapo ukumbi ulichafuka. Mama mmoja akasema mtoto wake si teja, ana jina. Tulibishana hadi alasiri ikaadhiniwa. Mwishowe waliamua tovuti iseme "vijana wetu", kila mahali, na nilipowaambia kwamba mtu akitafuta mtandaoni hataandika "vijana wetu", mwenyekiti akaniuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa siku ya kwanza: "Kwani waandika nini?" Tukaenda kwa wazazi wapya, tukawauliza kila mmoja alichoandika kwenye simu usiku ule alipogundua. Waliandika "dawa ya kuacha unga". Waliandika "mtoto wangu anatetemeka". Mmoja aliandika jina la mwanawe peke yake. Hayo ndiyo yaliyogeuka vichwa vya kurasa, isipokuwa la mwisho.

Ukurasa unaosomwa kuliko yote una aya moja. Unasema methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, hutolewa kliniki, kwamba kijana lazima aende mwenyewe kila siku na kuinywa mbele ya muuguzi, saa za kufika, na matatu ya kupanda. Chini yake ipo namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo hailipishwi. Hiyo namba tuliiweka baada ya kosa jingine. Mwanzo tuliandika simu ya mwenyekiti mwenyewe. Wiki mbili hakulala. Wazazi wakilia, na katikati yao wanaume wasio na haya. Tukanunua laini ya kikundi, ikawa na zamu, na usiku huzimwa. Tovuti ikielekeza watu kwa binadamu, lazima mtu ajue binadamu huyo atalala saa ngapi. Sijui kwa nini hatukulifikiria.

Kuna ami mmoja wa Tudor, mwalimu mstaafu, haoni. Ni kaka wa mweka hazina. Alisikia tuna tovuti mpya akataka kuisoma, maana mjukuu wake ni mmoja wa vijana wetu. Anatumia NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, nao pia hawaoni, na hutolewa bure. Alifungua tovuti mbele yangu. Kompyuta ikatamka neno la kitufe mara tatu bila kusema kitufe cha nini, ikafuata jina la faili la picha, herufi na tarakimu mstari mzima, kisha ikaanza kusoma maandishi yetu kwa lafudhi ya baharia Mwingereza aliyejifunza Kiswahili jana.

"Umenijengea nyumba ya milango mitatu, hakuna hata mmoja wenye kibao," akasema. "Niingie wapi, mwanangu?"

Lafudhi ile ilinishangaza zaidi. Kumbe kichwani mwa kila ukurasa kuna mahali pa kutaja lugha yake, na mimi nilikuwa nimeacha ilivyokuja, Kiingereza. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, umelitaja jambo hilo miaka na miaka. Nikabadilisha herufi mbili tu, nikaweka sw, na sauti ikageuka. Bado ilikuwa sauti ya bati, lakini ilikuwa Kiswahili. Ami akatulia, akasikiliza ukurasa wa methadoni wote, akaomba urudiwe. Vitufe nilivipa majina usiku huo huo. Tangu siku ile kila tunapobadilisha kitu nampelekea kwanza, na kahawa tungu na kashata juu. Hajawahi kukosa cha kulalamikia.

Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilifunga Mji wa Kale kwa ajili ya korona. Nyumba yangu iko ndani ya Mji wa Kale. Asubuhi ile niliamka saa nne, nimechoka kwa daku na habari, nikakumbuka kwamba ukurasa wa kliniki utakuwa unawadanganya watu: kijana wa huku atatokaje kwenda kunywa dawa? Nikawasha kompyuta haraka. Ukurasa ulikuwa umeshabadilishwa saa mbili zilizopita. Katibu, kwa simu yake, ameweka juu kabisa maneno kwamba mwenye kijana ndani ya Mji wa Kale apige laini ya kikundi sasa hivi, na akaandika "haraka" kwa herufi kubwa zote. Aliandika "klinik" bila i ya mwisho. Niliweka kidole kwenye kitufe cha kuhariri, halafu nikakitoa. Haikuwa tovuti yangu.

Kodi ya domeni na ya seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, imo sasa kwenye daftari la kikundi, mstari mmoja, kati ya mchango wa maziko na matengenezo ya sufuria. Hulipwa kwa M-Pesa kutoka kwenye mfuko wa Jumamosi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiwakumbusha mwezi mzima kabla. Mwaka wa pili niliwakumbusha mara moja. Mwaka uliofuata simu ililia nikiwa bandarini, kelele za winchi, nikajitenga pembeni kusikia.

"Mwanangu, nshalipa ile kodi," mwenyekiti akasema. "Wewe endelea na kazi zako."

Na kabla sijajibu akakata, maana alikuwa akipiga kwa salio lake.